Mwanangu Alisema "Basi"

Kikao kilikuwa kimeingia saa ya pili. Mezani tulikuwa wanne: mimi, baba watoto, mratibu wa huduma kutoka kituo cha kanda (ndicho kinachopanga na kulipia huduma za watu wenye ulemavu kama wa mwanangu hapa California), na kijana wetu wa miaka 22, anazungusha kifuniko cha chupa ya maji kama kawaida yake. Wa tano alikuwa sauti tu, mkalimani wa Kiswahili wa kwenye simu, na simu yenyewe imewekwa katikati ya meza, spika wazi. Mratibu akauliza swali ambalo sheria inamtaka amwulize mhusika mwenyewe, si wazazi wake: wewe unataka nini? Mkalimani akatafsiri. Mwanangu, ambaye maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole ukabakiwa na vidole, akainua uso.

"Basi."

Mkalimani hakusita. Akamwambia mratibu kwamba kijana anasema imetosha. Mratibu akaandika. Sikupinga, maana na mimi nilisikia hivyo hivyo. Nikaanza kukusanya karatasi na kumtafutia viatu vyake chini ya meza. Wiki iliyofuata muhtasari ulipokuja, nikakuta mstari unaosema mhusika hakuonyesha nia ya kupata huduma zaidi.

Nilikuwa nausoma mstari huo jikoni, saa moja kasoro asubuhi, chai iko jikoni inachemka. Yeye yuko dirishani, begi mgongoni, zipu imefungwa mpaka juu, kama alivyosimama kila asubuhi tangu shule ilipokwisha mwezi wa sita. Huku California shule za umma humsomesha mwanafunzi mwenye ulemavu mpaka anapofika miaka 22, halafu mlango unafungwa. Gari la njano lilikuwa halijapita mtaani kwetu miezi mitatu. Na kwa miaka 16, kila asubuhi ya shule, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele kutoka jiko hilo hilo: "Basi! Basi hilo limekuja!"

Nikazima moto.

Mtu aliulizwa anataka nini, akajibu. Jibu fupi, kamili, la Kiswahili safi. Na watu watatu wenye Kiswahili chao hawakumwelewa, mmojawapo aliyemzaa.

Naandika haya kwa sababu simu nyingi ninazopigiwa siku hizi zinatoka kwa wenzangu wa lugha hii, wengi wao ndugu wa Kongo waliokuja kama wakimbizi, wana mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo, na wameambiwa shuleni "nendeni kituo cha kanda" bila kuambiwa ni kitu gani. Mimi si mwanasheria. Ni mama wa Tanga aliyefanya makosa yote yanayowezekana, kwa mpangilio.

Sheria inayotuhusu hapa inaitwa Lanterman, ya mwaka 1969, kwa jina la mbunge Frank Lanterman. Kabla yake, mzazi aliyepata mtoto wa namna hii alishauriwa ampeleke hospitali ya serikali akaishi huko; mwaka 1968 hospitali hizo zilikuwa na watu zaidi ya 13,000. Wazazi wakachachamaa. Vituo viwili vya kanda vya majaribio vikafunguliwa mwaka 1966, San Francisco na Los Angeles, na leo viko 21, kila kimoja na eneo lake. Vyenyewe si ofisi za serikali, ni mashirika yasiyo ya faida yenye mkataba na serikali ya jimbo, na hilo hueleza mengi: ukihama eneo, unaweza kukuta utaratibu mwingine kabisa chini ya sheria ile ile. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya California ikaweka wazi kwamba huduma hizi ni haki ya mtu, kituo hakigawi sadaka.

Wanaostahili ni wenye usonji, mtindio wa ubongo, kifafa, ulemavu wa akili, au hali inayofanana sana na ulemavu wa akili. Iwe imeanza kabla ya miaka 18, itarajiwe kuendelea, na imbane mtu kweli kweli katika mambo matatu au zaidi: kujihudumia, lugha, kujifunza, kutembea, kujiongoza, kuishi peke yake, kujitafutia riziki. Kibali cha uhamiaji si sharti. Narudia kwa ajili ya yule shemeji aliyeniuliza jumapili iliyopita: si sharti. Ukiomba, wana siku 15 za kazi kukufanyia usajili wa awali na siku 120 kumaliza tathmini. Tena hapa hakuna foleni ya miaka. Kuna majimbo, Texas ikiwamo, ambako mtu huandikisha jina la mtoto mdogo akasubiri zaidi ya miaka 10, kwa hiyo anayekusimulia mambo ya huduma kutoka jimbo jingine msikilize, lakini usihame kwa maneno yake.

Hayo yote tulikuwa nayo tangu 2006, mwaka tuliotua na viza za bahati nasibu na mtoto wa miaka mitano. Tulikaa nayo kama mtu aliyekalia mkoba wake huku akiutafuta.

Tathmini ya kwanza alikuja dada mmoja mpole, kiatu akavulia mlangoni bila kuambiwa. Akauliza: anaoga mwenyewe? Nikasema ndiyo. Sasa tazama huko "kuoga mwenyewe" kulivyokuwa. Namfungulia maji nayapima kwa kiwiko. Namtia sabuni mkononi, naushika mkono, tunaanza pamoja kifuani. Nahesabu moja mpaka kumi mguu wa kulia, moja mpaka kumi mguu wa kushoto, nikikosea hesabu tunaanza upya. Namfunika macho kwa kiganja wakati wa kumwaga maji kichwani, maana likiingia tone moja la povu, siku imekwisha. Lakini anaoga mwenyewe! Anakula mwenyewe? Ndiyo, nikisha kumchambulia miiba ya samaki. Usiku analala? Alhamdulillahi, analala. Sikusema kwamba baba yake alikuwa akitandika godoro mlangoni, kwa sababu mara mbili tulimkuta barabarani saa nane za usiku, pekupeku, anafuata taa za magari.

Hatukudanganya. Kwetu mtu hamwagi mambo ya nyumbani kwake mbele ya mgeni, tena mgeni mwenye kalamu. Mficha uchi hazai, tunasema wenyewe, halafu tunafunga mapazia. Nilitaka yule dada aondoke na picha nzuri ya mwanangu, na akaondoka nayo, akaiandika, na ile picha nzuri ikatugharimu miaka.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Kimeksiko, kijana wake alikuwa darasa moja na wangu. Alikuja na daftari la shule la kawaida, kurasa zimejaa. Akaniambia: usiandike "anaoga", andika mikono yako ilifanya nini. Ndivyo nilivyoanza. Ukurasa mmoja kwa siku, kushoto saa, kulia mikono. Siku ya kwanza nilijaza kurasa tatu na ilikuwa bado mchana. Baba watoto alisoma, akanyamaza, halafu akaniuliza mbona godoro la mlangoni sijaliandika.

Kosa la pili lilikuwa barua. Mwaka 2010 tuliomba mtu wa kuja nyumbani kumfundisha mtoto kujihudumia. Ikaja barua ya kukataa, kurasa nne, nembo juu, sahihi chini. Mimi niliikunja nikaiweka kwenye droo, chini ya kanga. Mtu aliyekulia kwetu akipata karatasi yenye nembo inayosema hapana, hiyo ni hapana; utamfuata nani, na utamwambia nini? Ukurasa wa tatu wa barua ile ulieleza namna ya kukata rufaa. Niliusoma baada ya miaka minne nilipokuwa natafuta kanga ya kwendea msibani.

Rufaa ni bure. Tangu Machi 2023 una siku 60 za kuikata, lakini kama wanakupunguzia huduma uliyo nayo na unataka iendelee wakati mnabishana, fanya ndani ya 30 na kabla mabadiliko hayajaanza. Kuna kikao cha mazungumzo na kituo, kuna upatanishi, na kuna kusikilizwa mbele ya mtu asiye wa kituo. Nimefika mpaka upatanishi mara moja, na kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyenikasirikia. Na kila kituo kina mtetezi wa haki za wateja wake ambaye si mwajiriwa wa kituo hicho. Wapo chini ya shirika la Disability Rights California, hawatozi kitu. Mwambie unataka mkalimani. Mpango wa huduma wa mtoto wako nao una haki ya kuletewa kwa lugha yako, umeandikwa, si kusomewa mlangoni.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. California ina Mpango wa Kujiamulia. Sheria yake ilipitishwa 2013, na mwaka 2018 majina ya watu 2,500 yakachaguliwa kwa kura kuanza nao. Hatukujiandikisha, bahati nasibu moja katika maisha inatosha. Tangu Julai 2021 mlango uko wazi kwa kila anayehudumiwa na vituo. Badala ya kituo kukuchagulia shirika kutoka kwenye orodha yake, unapewa bajeti ya mwaka, na mhusika mwenyewe, pamoja na watu anaowataka, anapanga itumikeje: amwajiri nani, wapi, kwa saa ngapi. Hela hazipiti mkononi mwako. Kuna kampuni inayozishika na kulipa, na unachagua: iwe inalipa ankara tu, iwe mwajiri mwenza pamoja nawe, au wewe uwe mwajiri peke yako na mabima yake yote. Sisi tulichagua mwajiri mwenza. Baba watoto alitaka tuwe waajiri kamili, nadhani kwa sababu ya kusikia neno "mwajiri".

Uzuri huo una mwiba wake. Bajeti inaanza kukokotolewa kwa kutazama kituo kilikutumia kiasi gani miezi 12 iliyopita.

Soma tena. Wanaanzia pale ulipokuwa. Aliyekuwa akiomba, akikata rufaa, akirudi, anaanza na fungu nono. Aliyekuwa akisema tunashukuru, tunajimudu, anaanza na shukrani zake. Tulipokwenda kuchukua karatasi yetu, miezi 12 ilikuwa na kitu kimoja tu: saa chache za mtu wa kukaa na kijana ili wazazi tupumzike. Jumla haikufika dola 6,000 kwa mwaka. Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye mafunzo ya kuanzia, kijana wake ana hali kama ya wangu, alikuwa na fungu mara saba ya letu. Nilimwonea wivu njia nzima. Baadaye nikaelewa kwamba alichonizidi ni ubishi.

Kwa nini yetu ilikuwa ndogo? Kwa sababu mchana wote wa miaka hiyo uligharimiwa na shule, na usiku wote uligharimiwa na godoro la mlangoni. Kituo hulipa pale ambapo hakuna mfuko mwingine wa umma unaopaswa kulipa, na mimi nilikuwa mfuko usioandikwa popote.

Lakini sheria haiishii kwenye miezi 12. Inasema hesabu irekebishwe kama hali imebadilika, au kama kulikuwa na mahitaji ambayo hayakutimizwa. Shule kwisha ni kubadilika kwa hali. Godoro ni hitaji ambalo halikutimizwa. Nikaenda na madaftari mawili na barua ya daktari, nikaomba kikao kipya, na nikaomba mkalimani aje mwenyewe, akae kwenye kiti, amwone kijana usoni. Bajeti ilirudi imepanda zaidi ya mara sita. Ilichukua miezi minane na mimi kulia mara moja kwenye maegesho.

Kabla ya kikao hicho nilimpigia mama yangu Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

Nikamweleza habari ya kujiamulia. Akaguna. Na mimi nilielewa guno lake, maana katika Kiswahili chetu neno lile halina sifa nzuri. "Kajiamulia tu" husemwa kwa kijana aliyeoa bila kushauri wazee, au aliyeuza shamba la urithi. "Sasa mtoto wangu akijiamulia," akasema, "ninyi mtakuwa wapi?" Nikamwambia tutakuwa pale pale mezani. Akasema basi hiyo iiteni kushauriana.

Ana haki yake. Mwanangu alipofika miaka 18 mtu wa shuleni alitushauri twende mahakamani tupewe usimamizi wa kisheria juu yake, ndipo tuweze kumsemea. Mama aliposikia alicheka mpaka akakohoa: mtoto ana mama, ana baba, korti ya nini? Hatukwenda, wakati ule kwa uvivu zaidi kuliko kwa hekima. Tangu Januari 2023 sheria ya California inatambua njia nyingine, ya mtu mzima kuamua mwenyewe kwa kusaidiwa na watu aliowachagua, na jaji akiletewa ombi la usimamizi anatakiwa aangalie kwanza njia zisizomnyang'anya mtu haki zake. Kwa maneno mengine, sheria imekuja kumkuta mama yangu Tanga barazani. Nikiwa bado hapo: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Marekani iliutia sahihi mwaka huo huo, Seneti ikapiga kura Desemba 2012, zikapungua kura tano, na mpaka leo haijauridhia. Kwa hiyo dada zangu Tanga wana mkataba, mimi nina mratibu. Ukiniuliza nani ana afadhali saa nane za usiku, nitakujibu mratibu. Ukiniuliza nani ana jirani wa kumwachia mtoto nusu saa bila fomu, nitakwambia rudi Tanga.

Kikao cha pili. Mkalimani alikuwa kijana wa Mombasa, akakaa mkabala na mwanangu, akamsalimu kwa kumpa mkono, akangoja mpaka mkono ukaja. Mratibu akauliza swali lile. Mwanangu akatazama kifuniko chake. Tukangoja. Nilijikalia mikono, kihalisi, chini ya mapaja, nisije nikajibu. Dakika ya tatu hivi:

"Basi."

"La kupanda?" mkalimani akamwuliza.

Akapiga meza kwa kiganja mara mbili. Nyumbani kwetu hiyo ni ndiyo.

Mpango wa matumizi una mafungu matatu: makazi; ajira na kushiriki katika jamii; afya na usalama. Unaweza kuhamisha mpaka asilimia 10 ya fungu kwenda jingine bila kuomba ruhusa. Basi liliingia fungu la pili. Kwenye karatasi limeandikwa kwa lugha ya kiofisi ambayo sitaiweka hapa, lakini maana yake ni kwamba siku nne kwa wiki, saa tano kila siku, kuna mtu anayelipwa kupanda naye basi la jiji, kumfundisha kugonga kadi, kukaa, kushuka, kuvuka barabara, na kurudi. Mwezeshaji tuliyemchukua kutusaidia kuandika alipendekeza tuongeze "lengo": maktaba, duka, mahali pa kwenda. Tukaongeza. Kijana mwenyewe hana habari na maktaba. Anashuka kwa sababu kushuka ndiko kunakomwezesha kupanda tena.

Mtu wa kupanda naye tulimtafuta wenyewe, na hapo ndipo kujiamulia kunaponoga. Tulimpata msikitini, kijana wa Bukavu, mrefu, hana haraka. Kampuni mbili za kushika fedha zilituambia hazipokei wateja wapya. Ya tatu ikakubali. Kisha alama za vidole, kuchunguzwa kama ana makosa ya jinai, wiki zikapita, mwanangu bado yuko dirishani na begi. Siku ya kwanza kijana wa Bukavu alipogonga mlango, nilimpa maelekezo dakika 20: akishika masikio fanya hivi, akikimbilia taa fanya vile. Akasikiliza yote, akasema, "Aksanti mama," kisha akamgeukia mwenyewe na kumwuliza: twende?

Nilitoka nyuma yao kwa siri mpaka kituoni, nikajibanza kwenye ukuta wa duka la kufulia. Basi likaja, la buluu, siyo la njano. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mwanangu alilitazama kuanzia magurudumu mpaka juu. Akavua begi, akalivaa kifuani, akapanda.

Jioni nilimpigia mama kwa video, nikampa simu mjukuu wake amwambie mwenyewe alikokwenda. Bibi akamwuliza habari za leo. Akamtazama bibi yake, akaleta uso karibu na kioo mpaka likabaki jicho na pua, akasema kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kumsikia nayo:

"Basi!"

"Haya baba, lala salama," mama akasema, akakata simu.

Ikabidi nimpigie tena.